Kwa nini waliacha kumfinya ami kifua, na kwa nini hawakumpeleka Coast General?

Waaleikum salaam dadangu wa Kisauni, na kwanza pole sana, Mungu amrehemu ami yenu awape na nyinyi subira. Nimeisoma barua yako nikairudia, manake sio swali moja, ni maswali mengi yameingiana, na mengine naona yanakukosesha usingizi. Mimi ni paramediki, kazi yangu ni ambulensi hapa hapa Mombasa na nafundisha vijana wanaoingia kazini, kwa hiyo nitakujibu kama ningemjibu mtu wa nyumbani kwangu.

Kwa wengine mnaosoma, kisa chenyewe kwa ufupi: ami yake huyu dada, mtu wa miaka 68, alikutwa kalala chini bafuni baada ya swala ya isha. Hakuna aliyemsikia akianguka, mara ya mwisho kuonekana ni wakati anaingia kuoga na ilikua ishapita kama nusu saa. Ambulensi ikaja, wakamtoa bafuni wakamlaza sebuleni, wakamfinya kifua, wakamtia mashine ya kusoma moyo na kuupiga shoti ya umeme, wakapiga simu mahali, na baada ya kama dakika 25 wakasimama wakasema amefariki. Hawakumpeleka popote. Lakini mwaka jana jirani yao alianguka barazani, huyo ambulensi ikamchukua mbio hadi hospitali na leo yuatembea. Sasa dada anauliza: ni kwa sababu ami alikua mzee? Au kwa sababu hatukuonyesha pesa? Na nani alowapa ruhusa ya kusema basi?

Umri peke yake hauamui, na pesa haimo kabisa katika hesabu hiyo. Kinachoamua ni mambo machache ambayo mengi yake yashatokea kabla hata ambulensi haijawasha taa: kuna aliyemuona akianguka au hakuna, kuna aliyeanza kumfinya kifua pale pale au hakuna, mashine imeukuta moyo katika hali gani, na je kuna chanzo ambacho hospitali ingeweza kukiondoa na sisi hatuwezi. Jirani yenu alianguka mbele za watu. Ami alianguka peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, na hilo hakuna mtu wa kulaumiwa.

Sasa nieleze vizuri.

Tukimfikia mtu hapumui na mshipa wa shingo haupigi, hiyo kwetu bado haijamaanisha amekufa, inamaanisha moyo umesimama na sisi tuna sekunde chache za kuamua tunaanza au hatuanzi. Mshipa wenyewe haufai kutafutwa zaidi ya sekunde 10, ukiwa na shaka unaanza kufinya. Na kawaida ya kazi ni kuanza, isipokua ukikuta dalili ambazo hazina mjadala: mwili umekakamaa (hii huanzia taya na shingo, masaa mawili mpaka manne hivi baada ya kufa), au damu imeshuka upande wa chini ukaona mabaka ya zambarau mgongoni kama alikua amelala chali, au mwili umeanza kuharibika, au jeraha ambalo hakuna binadamu anaishi nalo. Hapo hatumguzi kwa kumfinya, tunaweka mashine kuthibitisha kisha tunamfunika. Joto la mwili msilitegemee kabisa, kwa hali ya hewa yetu hii ya pwani maiti anaweza kukaa na joto masaa, na kila mara kuna mtu wa nyumbani ananiambia "lakini bado yuko moto" na inaniuma kumjibu.

Kwa ami hizo dalili hawakuzikuta, ndo manake wakaanza. Hiyo ujue, walianza kwa sababu waliona kuna nafasi, hata ikiwa ndogo.

Halafu kuna ile pumzi inayochanganya watu wengi. Moyo ukisimama ghafla, mtu anaweza kubaki dakika kadhaa anavuta pumzi moja kubwa kama mkoromo, kimya, kisha nyingine, mdomo unafunguka kama anatafuta hewa. Watu wanasema hizi ni sakarati, wanamzunguka, wanamsomea na wanangoja. Lakini kwa sisi pumzi ile ndo ishara kwamba moyo umesimama sasa hivi na ubongo bado uko, yaani huyo ndo mtu ambaye ana nafasi kubwa kuliko wote tutakaowakuta usiku huo. Hizo sio pumzi za kweli, hazimpi oksijeni. Kumlakinia shahada ni haki yake na hakuna atakayewazuia, mmoja akae kichwani amsomee na mwengine apige magoti ubavuni amfinye kifua, haya mawili hayagombani hata kidogo.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Ubongo bila damu unaanza kuharibika kwenye dakika 4 mpaka 6. Na kwa yule ambaye moyo wake unahitaji shoti, kila dakika inayopita bila kufinywa wala kupigwa shoti inakula asilimia 7 mpaka 10 ya nafasi yake ya kupona. Piga hesabu mwenyewe ambulensi inatoka wapi, inavuka wapi, saa ngapi. Kutoka mjini kuja Kisauni ni daraja la Nyali, ukikuta jam ya Kongowea ushajua. Ukiwa Likoni hadithi ni ya feri. Ndo nasema hesabu kubwa inafanyika nyumbani kabla sisi hatujafika, na sisemi kwa kulaumu, nasema kwa sababu ndivyo ilivyo na watu hawajaambiwa.

Tukiingia, mmoja wetu anaanza kuuliza maswali ambayo kwenu yanaonekana kama kupoteza wakati. Nani alimuona mara ya mwisho? Saa ngapi? Alisema kifua kinamuuma? Ana sukari, presha, anasafishwa figo? Ameanza dawa mpya? Kuna mtu alimfinya? Haya sio maswali ya kujaza fomu, ndo yanayotuambia tunapigana na nini. Mtu anayesafishwa figo akakosa zamu yake huenda potasiamu imepanda ikausimamisha moyo, na kuna dawa ya kujaribu. Mtu aliyelalamika kifua dakika tano nyuma ni habari nyingine. Mtu ambaye hakuna ajuaye aliangukaje wala lini, hapo tunakua tunafanya kazi gizani.

Na wakati huo mwengine anabandika zile plasta mbili kubwa kifuani na kuangalia monita. Hapa ndo pana tofauti ambayo sinema zimewadanganya watu miaka mingi. Moyo ukisimama kuna hali kubwa mbili. Kuna ule ambao umeme wake umevurugika, unapapatika kama samaki aliyetupwa mchangani, hausukumi damu lakini una uhai ndani yake, huo ndo unapigwa shoti. Na kuna ule ambao mstari umenyooka kabisa, au una umeme kidogo kwenye skrini lakini misuli haisukumi kitu, huo haupigwi shoti hata ukiomba vipi, shoti haiwashi moyo uliozimika, inatuliza ule uliovurugika. Kwa huo wa pili tunabaki na kufinya, hewa, adrenalini (dawa ya kuuchochea moyo) kila dakika 3 mpaka 5, na kutafuta chanzo. Mtu aliyeanguka mbele za watu mara nyingi anakutwa bado moyo unapapatika. Ukimkuta baada ya nusu saa, kupapatika kwenyewe kushakwisha na mstari ushalala. Sikuwepo kwa jirani yenu wala kwa ami, lakini kwa ulivyoeleza, kwamba yule walimpiga shoti pale barazani na mkono ukaanza kuchezacheza kabla hata hawajampakia, yule walimpeleka kwa sababu moyo ulikua umerudi. Hawakumkimbiza ili akaokolewe huko mbele, walikua washamuokoa barazani, hospitali ilikua ya kumalizia.

Uliuliza pia kwa nini walimburuta kutoka bafuni "kama mzigo". Dada, bafuni sakafu imelowa, hakuna pa kupiga magoti pande zote mbili, na plasta za mashine hazishiki kwenye ngozi yenye maji. Ukiingia kwenye nyumba kama hiyo unashika chini ya makwapa unavuta mpaka mahali penye nafasi, unasukuma meza, unakunja zulia, unamfuta kifua kwa taulo yoyote iliyo karibu, na vyote hivyo visichukue hata nusu dakika. Kisha kufinya, katikati ya kifua, sentimita 5 mpaka 6 kwenda chini, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, na kuachilia kabisa kifua kirudi juu kila mara. Baada ya dakika mbili yule anayefinya anabadilishwa hata kama anasema hajachoka, manake mikono inachoka kabla mwenyewe hajajua na anakua anafinya juu juu. Kwenye kubadilishana ndo wanaangalia monita, sekunde chache tu, bado? bado, rudi. Hivyo hivyo.

Na kama walikua wamemuingizia tyubu ya hewa, pembeni ya monita kuna namba moja ambayo nyinyi hamuijui lakini sisi macho yako hapo, inapima hewa chafu inayotoka mapafuni. Damu ikizunguka, hata kwa nguvu ya mikono, ile hewa inafika mapafuni na namba inapanda. Moyo ukirudi inaruka juu ghafla. Ikikaa chini ya 10 baada ya dakika 20 za kufinya vizuri, hiyo ni habari mbaya sana, mwili hauchomi tena chochote. Hatuamui kwa namba hiyo peke yake, lakini ikikaa pamoja na mstari ulionyooka tangu mwanzo na mtu ambaye hakuna aliyemuona akianguka, picha inajikamilisha yenyewe.

Tuje kwa lile linalowauma zaidi, kwa nini hawakumkimbiza Coast General.

Watu wengi wanadhani hospitali kuna kitu kikubwa cha mtu ambaye moyo umesimama. Kwa ugonjwa wa aina hii, vitu vya nusu saa ya kwanza ni vile vile: mikono ya kufinya, hewa, shoti, adrenalini. Ambulensi yenye vifaa kamili inavyo. Sasa ukimpakia, kwanza lazima uache kufinya wakati wa kumbeba, ngazi, kona, mlango mwembamba, machela. Kisha ndani ya gari linalokwenda mbio, matuta, breki, kona ya Buxton, anayefinya kasimama mguu mmoja kashika chuma kwa mkono mmoja, ule sio ufinyaji, ni kugusa gusa. Na yeye mwenyewe akianguka au gari likigonga mna wagonjwa watatu. Kuna utafiti wa Marekani na Kanada uliotolewa mwaka 2020 walilinganisha watu waliopakiwa huku moyo bado umesimama na wale waliopiganiwa pale pale walipoangukia, waliotoka hospitali wakiwa hai ni asilimia 4.0 kwa waliopakiwa na 8.5 kwa waliobaki kupiganiwa pale pale. Zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo ukiona ambulensi imekaa kwenu sebuleni nusu saa haiondoki, sio uvivu, wanampa nafasi yake nzuri zaidi. Ile ya kumtupa kwenye tuktuk au probox na kukimbia bila mtu wa kumfinya naielewa kabisa, ni mapenzi na ni kuhangaika, lakini huyo anafika amepoteza dakika zote zilizokua na maana.

Wapo ambao tunawapakia huku tunafinya, na hapa hatukai kujadiliana. Mama mjamzito ambaye tumbo limefika kwenye kitovu au limepita, huyo tunalisukuma tumbo upande wa kushoto lisibane mshipa mkubwa wa damu na tunakimbia, manake mtoto akitolewa haraka sana, dakika 4 au 5 ndo lengo, mara nyingine na mama anarudi. Mtu ambaye moyo unapapatika, tunapiga shoti, unapapatika tena, tena, huyo huenda kuna mshipa wa moyo umeziba na hospitali ina la kufanya. Mtu aliyechomwa kisu kifuani anahitaji daktari wa upasuaji, dawa zetu hazizibi shimo. Na yule ambaye moyo umesimama mbele ya macho yetu, tumeshafika, alikua anaongea na sisi. Huyo hatumuachi nyumbani.

Watoto pia, kwao tunakwenda mbali zaidi kuliko kwa mtu mzima, sababu mtoto mara nyingi moyo wake haukua mgonjwa, ni hewa ndo ilikatika.

Na hewa ndo habari ya bahari. Hapa kwetu hii lazima niiseme kwa kirefu, kila sikukuu pale Pirates na fukwe zengine kuna mtu anatolewa majini. Aliyezama, kilichomsimamisha ni kukosa hewa, kwa hiyo yeye anapuliziwa kwanza, pumzi 5, ndipo kufinya kunafuata. Msimning'inize miguu juu kichwa chini kutoa maji, mnapoteza dakika na matapishi yanaingia mapafuni. Swali letu kubwa kwa aliyezama ni alikaa chini ya maji muda gani, sio alikaa ufukweni muda gani. Chini ya dakika 5 nafasi ni nzuri. Ikipita nusu saa, kwa maji kama yetu, karibu hakuna. Kuna watu wamesoma kisa cha Anna Bågenholm, daktari wa Sweden aliyenasa chini ya barafu kule Norway mwaka 1999, dakika 80, mwili ukashuka mpaka nyuzi 13.7 na akapona. Ni kweli kabisa. Lakini yule baridi iliupooza ubongo wake mapema ukawa hauhitaji oksijeni, na alipata kihewa cha kupumua chini ya barafu kwa sehemu ya muda huo. Bahari ya Mombasa ina nyuzi 25 mpaka 30, haina baridi ya kumlinda mtu. Kwa hiyo kanuni ya nchi za barafu, kwamba mtu hatangazwi amekufa mpaka apashwe joto kwanza, huku kwetu haina kazi.

Na vijana wa unga. Najua mitaa, sitataja. Kijana amejidunga, rangi imegeuka, mboni za macho zimekua kama ncha ya sindano, hapumui. Kwa huyu moyo ndo wa mwisho kusimama, pumzi inatangulia, na ukimpulizia hewa mapema na kumpa naloksoni, dawa ya kuvunja nguvu ya unga, anaamka anakuuliza umemfanya nini. Huyo ni mtu wa kupiganiwa kama mwengine yeyote, na wenzake wakimkimbia kwa kuogopa polisi ndo anakufa. Naomba sana msikimbie.

Sasa nani anasema basi, na kwa kutumia nini. Kuna kanuni ilitengenezwa Kanada, ikachapishwa mwaka 2006, na nchi nyingi zimeijenga ndani ya miongozo yao. Inauliza mambo matatu baada ya kumfinya mtu kwa kipindi kamili: moyo ulisimama mbele ya wahudumu? Mashine ilipiga shoti hata mara moja? Mapigo yalirudi hata kwa muda? Yote matatu yakiwa hapana, kuendelea hakuna faida. Walipoijaribu kanuni hiyo, kati ya wagonjwa 776 ambao ilisema waachwe, walionusurika walikua 4, nusu ya asilimia moja. Mtu anaweza kusema na hao wanne je? Ni swali la haki na mimi silikwepi, ndo sababu hakuna paramediki mwenye akili anayefuata kanuni kama roboti. Anaipima pamoja na chanzo, umri wa mgonjwa akiwa mtoto, joto, mimba, sumu, ile namba ya hewa, kisha anapiga simu.

Ile simu mliyoona wakipiga ndo hiyo. Alikua anaongea na daktari wao msimamizi, anamwambia mwanamume miaka 68, hakuna aliyeona, hakuna aliyefinya, mstari umenyooka tangu tulipoingia, hatukupiga shoti, dakika ishirini na kitu, adrenalini kadhaa, hakuna badiliko. Daktari anauliza, wanakubaliana, wanaandika saa. Hakuna mtu mmoja anayejiamulia. Na wenzake kwenye timu huulizwa pia, kuna mtu anaona kitu hatujajaribu? Hata dereva akiwa na neno linasikizwa.

Kuna wakati nyumba imejaa watu wamepandwa na hasira, au kijana wa familia kasimama mlangoni anasema hamtoki bila kumpeleka hospitali, timu ikampakia mtu ambaye wanajua amekwisha, kwa usalama wao. Hilo hutokea na silifichi. Lakini hiyo haikua matibabu, familia inaenda kuambiwa yale yale kwenye korido ya hospitali, na ambulensi moja inakua haipo kwa mwengine anayengoja.

Pesa. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 43 inasema wazi mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 imerudia na kuweka adhabu kwa kituo kinachokataa. Sikwambii hakuna mahali watu wanaitishwa deposit kwanza, yapo, na ni makosa. Lakini katika uamuzi wa kuendelea au kuacha kufinya pale sebuleni, swali la pesa haliulizwi. Timu iliyotaka pesa isingetoka jasho dakika 25 chini kwenu.

Na umri, miaka 68 peke yake sio sababu ya kumuacha mtu, nimeona wakubwa kuliko hapo wanarudi. Kinachoangaliwa ni mtu alikua na hali gani. Tena kuna jambo la kupona ambalo watu hawapendi kulizungumza. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2018 uliwafuata watu zaidi ya 8,000, nusu wakapewa adrenalini nusu wakapewa maji ya chumvi tu. Waliopewa adrenalini walibaki hai kidogo zaidi baada ya siku 30, asilimia 3.2 dhidi ya 2.4, lakini katika waliopona, walioharibika ubongo vibaya walikua asilimia 31 upande wa adrenalini na 17.8 upande wa pili. Yaani kuurudisha moyo na kumrudisha mtu ni mambo mawili.

Ndo maana nawaomba wenye wagonjwa wa kansa iliyofika mwisho, au mzee ambaye madaktari wamesema wazi hakuna zaidi ya kumpunguzia maumivu, mzungumze mapema. Marekani jimbo la Oregon walianza mwaka 1991 kutengeneza fomu ya rangi kali inayokaa nyumbani, imesainiwa na daktari, inawaambia wahudumu mgonjwa huyu anataka nini. Sisi tukiingia nyumbani hatujui chochote, na tusipojua tunaanza kufinya, hiyo ndo kawaida na ndo salama. Barua ya daktari wake ikiwepo, inayosema ugonjwa ni nini na mlikubaliana nini, ituonyesheni mlangoni, tutampigia daktari huyo au wetu. Watu wa Coast Hospice wanasaidia sana familia kwenye mazungumzo kama haya. Na mkiwa mmekubaliana afariki nyumbani kwa utulivu, mpigieni kwanza nesi anayemhudumia, manake mkiita ambulensi ya dharura mtaletewa watu wa kupigana.

Uliandika kwamba shangazi alikataa kutoka sebuleni na una wasiwasi kama iliwaharibia kazi. Hapana. Ufaransa walilifanyia utafiti, ukatoka 2013, jamaa walioruhusiwa kuwepo wakiona kila kitu walipata mastuko ya nafsi machache baada ya miezi mitatu kuliko ambao hawakupewa nafasi hiyo, na kazi haikuharibika. Mimi mwenyewe nikiweza namuweka mtu mmoja wa familia karibu na kichwa, namwambia shika mkono wake, zungumza naye.

Kuhusu makaratasi, sababu naona mmezungushwa. Paramediki hatoi cheti cha kifo. Kifo cha nyumbani kinaandikishwa kwa naibu chifu, yeye ndo mwenye fomu ile ya D2 na ndo anayetoa kibali cha mazishi, ya hospitali ni D1. Kukiwa na alama yoyote ya ajali, kupigwa au sumu, polisi lazima waje kwanza na mwili usiguzwe, hata tyubu inaachwa mdomoni. Najua kwetu kuzika kunafanywa haraka na hili linaleta uzito, kwa hiyo mtu mmoja atumwe kwa naibu chifu mapema wakati wengine wanaendelea na mambo ya nyumba.

La mwisho ulilouliza, kwamba waoshaji walikuta kifua chake kina michubuko, mbavu zinacheza, na alama mbili za mraba, mama akalia akisema walimvunja, walimuumiza. Mwambie mama hivi. Moyo ukisimama, fahamu inaondoka ndani ya sekunde 10 mpaka 20, hakusikia ule mkono. Ni mara chache sana mtu anaonyesha fahamu wakati anafinywa, na ikitokea wahudumu wanaona kabisa, anasogeza mkono, anafungua macho, na huyo hawamuachi, wanampa dawa ya kumlaza na wanaendelea. Mbavu kuvunjika kwa mtu mzima ni jambo la kawaida, mfupa wa umri ule ni mkavu, na kifua kisiposhuka zile sentimita 5 damu haifiki kichwani. Alama za mraba ni za plasta za mashine. Mama akitaka kusikia kutoka kwa mtu, muandikie ofisi ya ile ambulensi uombe kuongea na mmoja wa waliokuja usiku ule, wengi wetu huwa tunakubali.